Nani Alimsikia Ragnarr? Kifo, Imani na Urithi katika Krákumál na Saga ya Ragnarr Loðbrók

Utangulizi

Tangu Ole Worm alipolichapisha shairi la Krákumál mwaka 1636, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini, Ragnarr Loðbrók amekuwa kielelezo cha Mviking anayekiendea kifo kwa kicheko. Kisa chenyewe ni maarufu. Mfalme wa Denmark anavuka bahari kwenda kuivamia Uingereza. Anashindwa na Ella, mfalme wa Northumbria. Anatupwa katika shimo lililojaa nyoka. Humo shimoni, sumu ikimwenea mwilini, anayataja mapigano yake moja baada ya jingine, anawakumbuka wanawe, kisha anafariki akitarajia kupokewa na Odin. Wasomaji wa Ulaya wa karne ya 18 waliusoma utungo huu kama ushahidi wa moja kwa moja: hivi ndivyo wapagani wa Kaskazini walivyokufa, na hii ndiyo imani iliyowapa ujasiri wa kufa hivyo. Usomaji huo haujatoweka. Bado umo katika vitabu vya historia ya jumla, na tamthilia za televisheni zimeupa uhai mpya.

Makala haya yanaupinga usomaji huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tarehe: Krákumál ni utungo wa karne ya 12, ulioundwa na mshairi aliyeishi katika jamii ya Kikristo, zaidi ya miaka 300 baada ya matukio yanayodaiwa kusimuliwa. Ya pili ni swali ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kulikwepa. Mtu aliyekufa shimoni, akizungukwa na nyoka na maadui, maneno yake yalitokaje humo? Nani aliyasikia, nani aliyabeba, na kwa jina la nani? Wanaolifahamu tatizo la kuyahusisha mashairi ya kale na Fumo Liyongo mwenyewe wataona mara moja kwamba hili si swali la upekuzi wa hati tu. Tunaamini kwamba matini za Ragnarr zenyewe zinalijua swali hilo, na kwamba jibu lao linabadilisha maana ya kifo chake, ya imani yake na ya kile alichokiacha.

Ragnarr wa tarehe na Ragnarr wa masimulizi

Kuhusu historia tutapita haraka. Mwaka 845 kiongozi wa Waviking anayetajwa kwa jina la Reginheri aliushambulia mji wa Paris, na mfalme Charles Mwenye Upara akalazimika kumlipa pauni 7,000 za fedha ili aondoke. Kiongozi huyo alirudi Denmark na kufariki kwa maradhi muda mfupi baadaye. Hakuna shimo wala nyoka. Mwaka 865 jeshi kubwa la Waviking lilitua mashariki mwa Uingereza; mwaka uliofuata liliuteka mji wa York, na mwaka 867 mfalme Ælla, ambaye ndiye Ella wa masimulizi, aliuawa vitani katika jaribio la kuukomboa mji huo. Tarihi ya Waanglosaksoni inayotupa habari hizo haimtaji Ragnarr hata mara moja. Jina la Loðbrók linajitokeza katika maandishi ya Kilatini ya karne ya 11, kwa William wa Jumièges na Adam wa Bremen, nako linatajwa kama jina la mzazi: huyu ni mtoto wa Loðbrók, yule ni mtoto wa Loðbrók. Yaani wana walitangulia kuingia katika maandishi, na baba akafuata. Mpangilio huu wa kinyume, ambao wanahistoria huuona kuwa usumbufu, kwa mhakiki ni ufunguo, kwa maana Saga ya Ragnarr imejengwa juu yake.

Baba anayewaonea wana wivu

Saga hiyo iliandikwa Iceland katika karne ya 13. Imehifadhiwa katika hati ya mnamo mwaka 1400 iliyoko Copenhagen, ambamo inaifuata Saga ya Wavölsungi na kufuatwa na Krákumál. Kwa hiyo msomaji wa hati hiyo halikuti shairi peke yake kama alivyolikuta msomaji wa Worm. Analikuta baada ya kusimuliwa kwa kirefu jinsi mzee huyu alivyofika shimoni, na habari hiyo haimpendezeshi sana.

Katika ujana wake Ragnarr anamuua joka aliyemzunguka Þóra, binti wa mtawala wa Götaland, akiwa amevaa suruali ya manyoya iliyochemshwa katika lami. Ndiko lilikotoka jina la Loðbrók, yaani suruali yenye manyoya. Þóra anafariki. Ragnarr anamwoa msichana aliyemkuta Norwei, anayeitwa Kráka na kudhaniwa kuwa mtoto wa maskini, ambaye baadaye anajitambulisha kuwa Áslaug, binti wa Sigurðr muuaji wa joka na Brynhildr. Wanazaliwa Ívarr Asiye na Mifupa, Björn Ubavu wa Chuma, Hvítserkr na Sigurðr Nyoka Jichoni. Wana hawa wanakua na kuanza kuteka miji. Sifa zao zinavuma. Hapo ndipo saga inapofanya jambo ambalo tunaona halijapewa uzito wa kutosha: inatuambia kwamba Ragnarr hataki kupitwa na wanawe. Anaunda meli mbili kubwa za mizigo na kusema kwamba ataitwaa Uingereza kwa meli hizo mbili tu, ili lisemwe juu yake jambo ambalo halijawahi kusemwa juu ya mwingine. Áslaug anamwonya kwamba meli za namna hiyo hazifai kwa pwani ile, na kwamba afadhali aende na meli nyingi ndogo. Hasikii. Meli zinavunjika, watu wake wanauawa, naye anakamatwa.

Basi chanzo cha kifo kwa mujibu wa saga ni hofu ya mzee kusahauliwa. Msimulizi haitaji kwa neno hilo, lakini anaweka kando ya kila uamuzi wa Ragnarr sauti ya mke anayeona vizuri zaidi kuliko yeye. Kuna kejeli kali hapa. Mtu aliyesafiri ili jina lake lipande juu ya majina ya wanawe anafikishwa mahali ambapo wanawe ndio tumaini pekee la jina hilo. Akiwa shimoni anawalinganisha na watoto wa nguruwe ambao wangeguna endapo wangejua yanayompata dume mzee. Ulinganishi huu umesomwa mara nyingi kama tishio kwa Ella, na kweli ni tishio. Lakini pia ni ungamo la mtu aliyekuwa akishindana na watoto wake na ambaye sasa anakubali kwamba yeye ni wa jana na wao ndio wa kesho. Kiswahili kinatusaidia kuonja uzito wa tamathali hii, kwa kuwa kwetu kuguna ni mlio wa nguruwe na vilevile ni sauti ya mtu asiyeridhika.

Shati lisilo na mshono

Suala la imani linahitaji uangalifu zaidi, kwani hapa matini zetu tatu zinaachana njia.

Saxo Grammaticus, aliyeandika historia ya Wadenmark kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 13 kwa maombi ya Askofu Mkuu Absalon, hana shaka yoyote. Katika Kitabu cha 9, Ragnarr ndiye anayeiangusha dini mpya iliyoletwa na Harald, mfalme aliyebatizwa Mainz, na kuirudisha ibada ya zamani. Kifo cha shimoni kinafuata kama adhabu ya wazi kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Saxo hawezi kujizuia kuusifu ujasiri wa mtu huyo, na anamwacha ayataje matendo yake kwa sauti thabiti hadi pumzi ya mwisho. Nathari yake inayumba: mkono mmoja unahukumu, mwingine unapiga makofi. Tunafikiri kuyumba huko ni kwa kweli kuliko hukumu yenyewe, maana ndiko kunakoonyesha hali ya Mkristo msomi aliyerithi mababu ambao hakuweza kuwaombea wala kuwakana.

Saga haimhukumu Ragnarr kwa maneno. Inatumia vazi. Kabla ya safari, Áslaug anampa mumewe shati refu lililofumwa kwa nyuzi za nywele, lisiloshonwa popote, ambalo limebarikiwa na miungu. Avaapo, silaha haitamjeruhi. Na kweli silaha hazimjeruhi. Anapotupwa shimoni nyoka hawamgusi. Ella anashangaa na kuamuru avuliwe nguo ya juu, na ni baada ya kuvuliwa ndipo nyoka wanapomshika pande zote. Msomaji wa karne ya 13 aliyesikia Injili kanisani kila mwaka wakati wa Pasaka alijua habari ya vazi jingine lisilo na mshono, ambalo mwenyewe alivuliwa na maadui kabla ya kufa (Yohana 19:23). Hatudai kwamba Ragnarr amegeuzwa mfano wa Kristo; hilo lingekuwa kulivuta shairi na saga mahali visipokwenda. Tunadai jambo dogo zaidi: kwamba msimulizi, alipotafuta namna ya kumwonyesha mtu aliyeachwa bila kinga mbele ya kifo, alikuwa na picha hiyo mkononi, na akaitumia bila kuitaja. Baraka ya miungu ya zamani katika kisa hiki inafanya kazi mpaka pale mkono wa binadamu unapoivua. Hilo si tangazo la imani ya kipagani wala si dhihaka dhidi yake.

Krákumál nalo linafanya kinyume. Huku nafsineni akimtaja Odin na wajumbe wake wa kike wanaomwalika nyumbani, msamiati wa Kikristo unapenya katika taswira za vita. Katika mojawapo ya beti, pigano linaloanza jua linapochomoza linaitwa misa, misa ya ncha za mikuki. Mpagani halisi wa karne ya 9 asingekuwa na sababu ya kuufikiria mlio wa silaha kama ibada ya asubuhi. Wapo wanaolichukulia neno hili kuwa kosa la mshairi, sehemu alipoisahau sauti aliyokuwa akiiiga. Sisi tunaliona kuwa sahihi yake. Mshairi, ambaye huenda aliishi katika visiwa vya magharibi ya Norwei au Iceland, anamtungia babu asiyebatizwa kifo kizuri, na anakipima kifo hicho kwa kipimo cha kanisa analoingia kila Jumapili.

Kwamba jambo hilo halikuonekana kuwa kufuru kunathibitishwa na mti wenyewe. Mlango uliochongwa wa kanisa la mbao la Hylestad, Norwei, ambao sasa umehifadhiwa Oslo, unaonyesha visa vya Sigurðr, na miongoni mwake Gunnarr akiwa shimoni kati ya nyoka, akipiga kinubi kwa vidole vya miguu. Waumini walipita kando ya shimo la nyoka wakienda kwenye sakramenti. Gunnarr huyo yumo pia katika Saga ya Wavölsungi, kurasa chache kabla ya Ragnarr katika hati ileile, na uhusiano wa vifo viwili ni wa makusudi. Gunnarr ana kinubi. Ragnarr ana maneno tu. Zaidi ya hayo, Áslaug alipokuwa mtoto alifichwa ndani ya kinubi ili asiuawe. Chombo kilichokosekana shimoni ndicho kilichomlea mama wa walipiza kisasi.

Kwa upande wa wakati wetu inatosha kusema kwamba tamthilia ya Vikings ya Michael Hirst (2013–2020) imemfanya Ragnarr kuwa mtu wa shaka, anayemtukuza Odin mbele ya umati wa maadui huku moyoni akikana kwamba miungu ndiyo iliyomfikisha hapo. Wapo waliolaumu kwamba huku ni kumvika shujaa wa kale mavazi ya karne ya 21. Lawama hiyo ni ya haki kiasi, lakini inasahau kwamba mshairi wa karne ya 12 na Saxo walifanya vivyo hivyo. Kila zama humpa Ragnarr imani ambayo zama hizo zinahitaji kuitazama ikifa.

Kicheko na madhara ya tafsiri

Sifa ya Ragnarr kama mpagani anayefurahia umwagaji damu ilitokana kwa kiasi kikubwa na makosa mawili ya tafsiri, na kwa wanaisimu makosa hayo yanafaa kuchunguzwa kwa karibu.

La kwanza linahusu keninga, yaani ile tamathali ya washairi wa Kaskazini inayokitaja kitu kwa fumbo la maneno mawili au zaidi. Nafsineni anatazamia kunywa pombe kutoka katika pembe, na pembe hizo zinatajwa kwa fumbo kama miti iliyopinda inayoota kwenye mafuvu, yaani mafuvu ya wanyama. Magnús Ólafsson, kasisi msomi wa Iceland aliyemtengenezea Worm tafsiri ya Kilatini, aliliona neno la fuvu akapotelewa na mti. Kilatini chake kikasema kwamba mashujaa watakunywa kutoka katika mafuvu ya wale waliowaua. Thomas Percy akalifikisha jambo hilo kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1763, na tangu hapo Mviking anayekunywa kwa fuvu la adui hajaondoka katika mawazo ya watu. Fumbo moja lililofumbuliwa vibaya lilitosha kulichafua taifa zima. Mtu yeyote aliyewahi kufasiri mafumbo ya washairi wetu neno kwa neno ajue hatari hiyo.

La pili ni la kisarufi, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Katika Kinorsi cha Kale cha ushairi, ukanushi waweza kuwekwa mwishoni mwa kitenzi kwa kiambishi kifupi sana, silabi moja au hata irabu moja. Katika beti kadhaa, nafsineni anayalinganisha mapigano na starehe za mapenzi, kama vile kumbusu mjane kijana au kumlaza bibi arusi kando yake, na anasema kwamba mapigano hayakuwa kama starehe hizo. Watafsiri wa mwanzo hawakukiona kiambishi hicho. Wakaandika kwamba mapigano yalikuwa kama mapenzi. Utungo uliokuwa ukisema kwa kinywa kikavu kwamba vita si jambo tamu ukageuka kuwa utungo wa mtu anayelewa utamu wa vita. Mfasiri wa Kiswahili ana nafuu ya pekee hapa, kwa kuwa ukanushi wetu hutangulia: msikilizaji akisikia *haku-* ameshaonywa kabla ya kitenzi kufika. Lakini nafuu hiyo ina gharama. Katika Kinorsi, taswira ya mapenzi inakaribia kukubalika kabla ya irabu ya mwisho kuinyang'anya. Kuna sehemu ya sekunde ambapo msikilizaji anasimama kati ya kitanda na uwanja wa vita. Kiswahili kinaipoteza sehemu hiyo ya sekunde. Pengine mfasiri angeweza kuirudisha kwa kuitaja starehe kwanza na kuuchelewesha ukanushi hadi mwisho wa ubeti.

Makosa haya yakiondolewa, kicheko cha ubeti wa mwisho kinabaki, lakini kimebadilika sura. Mtu anayecheka sasa si mlevi wa damu. Ni mtu aliyesema mara kadhaa kwamba vita havikuwa raha, aliyekiri kwamba hakuna anayeyapita yale aliyoandikiwa na ajali, na ambaye anachagua kicheko kama namna ya kufunga hesabu. Kicheko hiki tunakiona karibu zaidi na adabu kuliko na imani. Ni mwenendo mbele ya watu, na kwa hiyo kinahitaji watu wa kukiona.

Watu hao wako wapi? Shairi lina beti 29, na karibu zote huanza kwa kibwagizo kilekile kilichomo katika nafsi ya kwanza wingi, wakati uliopita: sisi tulifanya, sisi tulipiga. Mtu aliye peke yake shimoni anasema *tu-*. Mwanzoni wingi huo unawakusanya wenzake waliokufa katika mapigano ya miaka mingi, na kila ubeti unapoanza, kikosi kinafufuka kwa muda wa kiambishi kimoja. Katika ubeti wa mwisho kibwagizo hakipo. Nafsineni anasema *ni-*. Sijaona tafsiri ya Kiingereza inayoweza kulifanya badiliko hili lisikike kama Kiswahili kinavyoweza, ambapo nafsi haiachani na kitenzi.

Jina la mwanamke

Tulirudie swali letu. Saga inalijibu kwa ustadi mkubwa. Ella, kabla ya kumtupa mateka wake shimoni, anataka kujua yeye ni nani, kwa kuwa anawaogopa wana wa Ragnarr. Mateka anakataa kusema. Ella anawaagiza watu wake wakae ukingoni na kusikiliza. Likitoka neno lolote la kuonyesha kwamba huyu ni Ragnarr, wamtoe haraka. Kwa hiyo hadhira ya kwanza ya shairi la kifo ni walinzi wa adui, wanaosikiliza kwa hofu, wakingoja jina. Ragnarr anaweza kuokoka kwa kulitaja jina lake. Halitaji. Anatamka beti, miongoni mwake ule unaohesabu mapigano 51, na kwa beti hizo jina linajulikana, lakini linajulikana amekwisha kufa. Mtu aliyeondoka nyumbani kutafuta jina analificha jina hilo kwa bei ya uhai wake. Haiwezekani, kwa maoni yetu, kuisoma sehemu hii kama ujasiri mtupu. Ni mara ya kwanza katika saga nzima ambapo Ragnarr anayaacha maneno yamtangulie badala ya kuyakimbilia.

Krákumál halina walinzi ukingoni. Lina kitu kingine: jina. Maana ya Krákumál ni maneno ya Kráka. Yeyote aliyelipa shairi jina hilo, alilipa jina la mke, tena si lile tukufu la Áslaug binti Sigurðr, bali lile la ukata, la msichana wa kibandani aliyekuwa akichunga mbuzi. Jambo hili huelezwa kwa haraka katika utangulizi wa matoleo mengi kana kwamba ni ajali. Hatuoni hivyo. Ndani ya shairi lenyewe nafsineni anawaita wanawe wana wa Áslaug, na anajisifu kwamba aliwatafutia mama aliyewapa mioyo ya kufaa. Urithi anaoutegemea unapitia kwa mwanamke, naye anajua. Jina la shairi linaikamilisha hoja hiyo: sauti ya mume inatufikia kutoka katika kinywa cha mjane.

Ushahidi wa kustaajabisha zaidi uko Orkney, katika kaburi la kale la Maeshowe, ambamo katika karne ya 12 watu waliovunja na kuingia walichonga maandishi ya runi ukutani. Moja ya maandishi hayo linamtaja Loðbrók na ushujaa wa wanawe, na kiwakilishi kinachotumika kummilikisha Loðbrók wana hao ni cha kike. Wako wanaosema kwamba kiwakilishi kimefuata tu jinsia ya kisarufi ya neno *brók*, ambalo ni la kike. McTurk (1991) amelijadili suala hili kwa kirefu na kuupa uzito uwezekano kwamba jina hilo lilikuwa la mwanamke kabla ya kuunganishwa na Ragnarr. Vyovyote iwavyo, mchongaji wa Maeshowe hakuona ajabu kuandika hivyo, na aliandika katika mazingira yaleyale ambamo Krákumál huenda lilitungwa. Kwa mfasiri wa Kiswahili hapa pana mtego wa kipekee. Tukiandika *wanawe*, tumekuwa sahihi kabisa na tumepoteza kila kitu, kwani Kiswahili hakitofautishi jinsia katika kimilikishi. Italazimu kuandika *wana wa mama huyo*, na kuukubali uzito wa maneno hayo, au kuacha *wanawe* na kuliweka suala lote katika maelezo ya chini. Sisi tungechagua uzito.

Ama wana wenyewe, saga inawaonyesha siku wajumbe wa Ella wanapowafikia na habari. Ella amewaagiza wajumbe wamtazame kila mmoja anavyoipokea, na kwa hiyo tunatazama pamoja nao. Björn anaushika mpini wa mkuki kwa nguvu hata alama ya mkono wake inabaki. Hvítserkr, aliyekuwa akicheza bao la vita, anaibana kete mpaka damu inatoka chini ya kucha. Sigurðr, aliyekuwa akikata kucha kwa kisu, anajikata hadi mfupani bila kusikia. Ívarr hafanyi lolote kati ya hayo. Anauliza. Anataka kila jambo kwa mpangilio wake: mzee aliingiaje, alivuliwa lini, alisema nini, nyoka walimshikaje. Wajumbe wanasimulia, naye anasikiliza, na rangi ya uso wake inabadilika, mara nyekundu, mara nyeusi, mara imepauka, na bado anauliza.